Nilinunua Orofa Mji wa Kale Bila Kupanda Ngazi

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Nimesoma uzi wa kijana wetu anayetaka kununua fleti kuukuu pembezoni mwa mji kule Japani, apangishe, ale kodi akiwa kwao. Ameiona kwa picha tu. Wengi mmemcheka.

Basi nichekeni na mimi. Miaka ya sitini nilinunua orofa hapa hapa Mombasa bila hata picha. Nasema kweli tupu, maana uongo wa kujidhalilisha hivi hauna faida.

Nilikuwa karani bandarini Kilindini, nimepanga mtaa wa Buxton. Kwetu ni Kwale, na ugonjwa wangu ulikuwa kutaka nionekane mtu wa mjini. Nilivaa kanzu ya pasi hata nikienda kununua makaa.

Mzee Athumani wa Mji wa Kale akawa anauza orofa ya nyumba yake. Yeye na mkewe, Bi Rukia, wangebaki chini. Nikaona utajiri huo: vyumba vitatu, nipangishe makarani wenzangu makapera, nikae kitako.

Mke wangu, Mwanasiti, akatoa bangili zake za harusi ziuzwe. Hakuwa na dhahabu nyingine. Aliniomba jambo moja, nikaangalie vizuri.

Nikaenda. Kahawa, halua, tukaulizana hali mpaka za wajomba. Nilipoomba kupanda juu, mzee akasema kwa upole, "Ndani mna wake, mwanangu."

Mwenye akili angesema atarudi kesho. Mimi nikaona haya. Mstaarabu gani anang'ang'ania kuingia penye wanawake? Nikavuka njia, nikainua shingo, nikatazama madirisha kwa nje kama fundi.

Nikauliza kuhusu ngazi. Akasema ipo, ya mti mzuri. Mzee hakunidanganya, ilikuwepo. Sikumuuliza imesimama wapi.

Wakuu, ilisimama katikati ya ukumbi wa Bi Rukia.

Hata hilo lingevumilika, watu hupiga hodi wakapita. Lakini wiki mbili baada ya kuandikiana, Mzee Athumani akafariki, Mungu amrehemu. Mazikoni nililia kuliko wafiwa, bado sijajua nalia nini.

Baada ya hitima nikatokea na makarani wawili wamebeba magodoro. Kaka yake Bi Rukia akasimama mlangoni.

"Dada yu edani, bwana. Wanaume hawapiti humu."

Miezi minne na siku kumi. Ningebishana na nani? Mji mzima ungesema yule wa Kwale hana dini. Makarani wakarudi na magodoro yao, na kesho yake Kilindini nzima ilikuwa inaniita mwenye nyumba.

Sikuogopa kicheko chao. Niliogopa kumtazama Mwanasiti mikononi.

Naye hakunigombeza. Alivaa buibui, akaenda kumpa pole mjane, akapanda ngazi. Akarudi kesho yake, na keshokutwa. Mwezi haukwisha akawa amepangisha juu kwa mafundi cherehani, wanawake watupu.

Eda ilipokwisha, nikaomba na mimi nikaione mali yangu. Mwanasiti na Bi Rukia wakashauriana, wakaona si vizuri, wapangaji ni wake za watu.

Mwaka uliofuata Mwanasiti akataka hati iwe kwa jina lake, kwa kuwa dhahabu ilikuwa yake. Tukaenda kwa wakili. Wakili akaniomba mimi, kama mwenye mali, nimweleze vyumba vimekaaje.

Nikamgeukia mke wangu. Mwanasiti akaeleza, mpaka ufa ulio nyuma ya kabati. Wakili akaigeuza karatasi upande wa Mwanasiti.

Kijana wa Japani, kata tiketi uende. Panda kwa miguu yako, gonga kuta, uliza njia ya kupitia ni ya nani. Kuona haya ni pambo zuri barazani, ila hakukagui nyumba.

Na wewe uliyewahi kununua kitu kwa kuona aibu kukiangalia, jitokeze hapa tufarijiane.

Mwanasiti amesomewa uzi huu na mjukuu. Amesema hajaona uongo ndani yake, ila niwaambie watakaouliza bei kwamba nyumba haiuzwi, na kama ingekuwa inauzwa, si mimi wa kuulizwa.