Siku Niliyolipa Mbaazi kwa Sarafu ya Arobaini

Nichekeni kwanza mmalize, wenzangu, ndipo nisimulie, maana hata mimi nikiikumbuka asubuhi ile hujifunika uso kwa mto nikiwa peke yangu chumbani, na aibu ya mtu aliye peke yake ndiyo aibu hasa, hakuna hata wa kukutania ikapungua. Mtu mzima mimi, mvi mpaka kwenye nyusi, karani mstaafu wa ghala kule Changamwe, nilipiga magoti katikati ya njia ya Ziwa la Ng'ombe, huku kwetu Kisauni, nikiokota senti, na watu wamenizunguka kama mwizi wa kuku (na mwizi wa kuku angalau huwa amepata kuku).

Tangu mke wangu Zuhura afariki, huu mwaka wa tatu, nyumba yangu ina sauti mbili tu, ya redio na ya friji. Mwanangu wa kiume yuko Nairobi, binti yuko Arabuni, wote watoto wazuri, wote hupiga simu Ijumaa, "Baba hujambo, umekula, haya baba niko kazini," basi, imekatika. Kilichobaki kunishughulisha ni sarafu zangu. Nimezikusanya tangu ujana: ndururu zenye tundu katikati, thumni, shilingi tano ya pembe saba, na rupia moja ya Mjerumani niliyobadilishana na baharia kwa viatu vyangu vipya (Zuhura hakusema nami siku mbili). Kila Jumapili huzimwaga mezani nikazifuta moja moja, na ndiyo, husema nazo, nani atanikataza? Uzuri wa sarafu hazichoki kukusikiliza. Ubaya wake hazijibu.

Mtu pekee aliyekuwa akinijibu mtaani ni Mwanaidi, msichana wa miaka ishirini na kitu, anauza mahamri na mbaazi kwenye kibanda pale njiani. Kila asubuhi nikifika husema, "Shikamoo babu, umeamkaje?" nami, "Marahaba mjukuu wangu, nimeamka salama, wewe je?" naye hunipa habari za mafuta kupanda bei na za mamake mguu unamsumbua, kisha hunitilia mbaazi, nikala, nikaenda zangu. Kwa siku nyingi hayo ndiyo maneno yote niliyosema na binadamu kuanzia alfajiri hadi kulala. Kuna siku nilikwenda mara mbili, nikamwambia nimepata mgeni. (Mgeni gani, wallahi!)

Sasa biashara yake ikashika. Wateja wakawa foleni, kila mtu analipa kwa simu, na Mwanaidi macho yakawa kwenye simu kuangalia kama pesa zimeingia, na salamu yangu ikawa, "Shikamoo babu, ngapi leo?" bila kuinua kichwa. Simlaumu, mtu anatafuta riziki. Lakini iliniuma, siwafichi. Nilirudi nyumbani nikakaa kitandani na viatu, kama mtoto aliyenyimwa.

Hapo ndipo shetani akaniletea wazo. Mahamri mawili na sahani ya mbaazi ni shilingi arobaini, na mimi ninayo sarafu ya shilingi arobaini. Ndiyo, ipo, msinikodolee macho! Ilitolewa nchi ilipotimiza miaka arobaini ya uhuru, ina rangi mbili na sura ya rais wa wakati ule, ni pesa halali kabisa, ila wenye nazo waliziweka na vijana wengi hawajaiona hata siku moja. Nikasema, nitampa hiyo. Ataigeuza, atashangaa, ataniuliza, nami nitaketi pale benchini nimweleze taratibu. Maelezo yenyewe nikayafanyia mazoezi mbele ya kioo, robo saa nzima, pamoja na mahali pa kucheka.

Asubuhi nikavaa kanzu ya Idi. Nikaagiza, nikamtia sarafu mkononi, nikangoja. Akaiangalia, akaigeuza, akaisogeza karibu na macho.

"Babu, nini hii?"

Nikasema moyoni, alhamdulillahi, amenasa. Na badala ya kumwambia kwa ufupi kwamba ni pesa ya Kenya kama pesa nyingine, mimi na ufundi wangu wa mbele ya kioo nikamwinamia, nikashusha sauti, nikasema, "Mjukuu wangu, hii si pesa kama hizo zako. Wewe itie tu kwenye mkebe pamoja na wenzake, jioni utanikumbuka."

Ee Mola wangu! Kama kuna maneno ya kutomwambia mfanyabiashara wa Kisauni, ndiyo hayo. Mwanaidi aliiachia ile sarafu kama kaa la moto, ikalia juu ya meza, naye akapiga ukelele, "Chuma ulete!"

Mnaijua chuma ulete. Ni pesa iliyosomewa, ukiipokea ukaichanganya na zako, jioni mkebe mtupu, zote zimemfuata mwenyewe alikolala. Nami kwa mdomo wangu nilikuwa nimeyaeleza masharti yake yote, sikubakisha hata moja.

"La hasha!" nikasema. "Ni arobaini! Someni, imeandikwa!"

Kijana mmoja wa bodaboda, mtu wa bara, akanyoosha shingo. "Haiko hiyo. Kubwa kabisa ni ya ishirini. Mimi nimezaliwa hii Kenya, sijawahi ona ya arobaini. Huyu buda anakuchezea."

Na Mama Rehema, jirani yangu tunayegawana ukuta, ambaye miaka mitatu hakuwahi kubisha hodi kwangu, siku hiyo akapata la kusema. "Nilijua mimi! Mtu hatembelewi, hatembelei, mnadhani mle ndani anafanya nini? Kila Jumapili namsikia akigongesha vyuma na kusema navyo!"

Nilitaka kukana, lakini nilikuwa kweli nasema navyo.

Nikamtazama Mwanaidi nikitaraji atanitetea. Akachukua mwiko, akaisukuma sarafu kwangu kwa ncha ya mwiko, bila kuigusa na bila kuniangalia. Watu wote wale wangeniita mchawi mpaka Kiama nisingejali sana. Ule mwiko ndio ulionimaliza.

Mwenye akili angeenda zake. Mimi nikasema, "Ngojeni hapa hapa!" nikatimka na kanzu yangu mpaka nyumbani, nikawaletee mkusanyo wangu wote waone kuwa mimi ni mtu wa sarafu tu, si mtu wa mambo. Pupa hiyo! Nikasahau kabisa jinsi marehemu alivyozihifadhi: zile za tundu alizitunga kwenye uzi mweusi zisipotee, na zilizobaki akazifunga kwenye kipande cha leso nyekundu. Kwangu ni mkono wa Zuhura. Kwa watu waliokwisha kuogopa, uzi mweusi na kitambaa chekundu, hebu niambieni ni nini?

Nilirudi ninahema, watu wamekuwa maradufu. Nikafungua fundo mbele yao, na cha kwanza kuchomoza kikawa ule uzi.

"Hirizi!" Mama Rehema akalia. "Laa ilaaha illallah, hirizi yenyewe hiyo!"

Watu wakarudi nyuma kwa mkupuo, nami kwa kihoro fundo likaniponyoka. Sarafu za miaka arobaini zikamwagika njiani, zikabingirika kila upande, na watu wazima na akili zao wakarukaruka, huyu kainua kanzu, yule kainua buibui, zisiwaguse. Rupia ya Mjerumani ilikwenda mpaka kwenye kiatu cha yule wa bodaboda. Akainua mguu, akaipisha ipite. Hakuna aliyeinama. Nikapiga magoti nikaanza kuokota, magoti yenyewe haya ya uzeeni. Nilikuwa nimezungukwa na watu wengi kuliko siku ya maziko ya mke wangu, na sijawahi kuwa peke yangu namna ile.

Nilikuwa nimefika chini ya benchi pale yule wa bodaboda aliposema, "Eh, ngoja kwanza." Alikuwa ametafuta kwenye simu yake. "Iko kweli. Si hii picha? Shilingi arobaini. Ni pesa poa tu."

Simu ikapita mkono kwa mkono. Mmoja akacheka, wote wakacheka, na kufumba na kufumbua wakatawanyika kwenda makazini. Mama Rehema akasema, "Basi si angesema mapema," akaenda zake. Msamaha sikuombwa, na aliyeniinua ni ule mguu wa benchi.

Tukabaki mimi na Mwanaidi. Uso umemshuka. "Babu, nisamehe. Lakini kwa nini hukunipa pesa ya kawaida tu?"

Hapo, wenzangu, jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa mdomoni kabisa. Nikasema, "Sikuwa na nyingine," na mfukoni nilikuwa na mia mbili.

Siku tisa sikutia mguu pale, nikawa nakula mkate na chai ya rangi. Niliporudi wote wananisalimu, Mama Rehema naye, kwa sauti kubwa na pole pole, vile mtu anavyomsalimu mgonjwa wa wodini, kisha wanaharakisha kuondoka. Mwanaidi hunizidishia mbaazi. Mazungumzo hakuna, ananionea haya, nami namwonea haya.

Basi nimekula yamini: mimi na ujanja tena, hapana. Sarafu zitakaa kabatini, na nikitaka kuzungumza na mtu nitamwambia waziwazi, mwanangu, nina upweke, keti tuzungumze kidogo. Mpaka leo nimejaribu mara mbili kumwambia Mwanaidi hivyo, na mara zote mbili nimeishia kuagiza mahamri.