Bustani ya Mama Niliyoilima Ngoro

Harufu ya majani yanayooza chini ya udongo bado hunitia aibu. Enzi zile maduka yalipoanza kujaa bidhaa tena baada ya miaka ya uhaba, mama alinunua pakiti ya mbegu za maua dukani Kitai. Alipokwenda kanisani, nikataka kumfurahisha. Nilifyeka bustani yote iliyomezwa na magugu mbele ya nyumba, nikapanga majani kwa miraba na kuyafukia kwa udongo niliouchimba katikati ya kila mraba, yakabaki mashimo yaliyozungukwa na matuta, kama tulivyolima ngoro za maharage.

"Bwana shamba," jirani alinitania, "siku hizi maua nayo yanalimwa ngoro?"

Mama aliporudi hakucheka.

"Yale maua meupe yako wapi?"

"Nimefukia yote, mama."

"Mwanangu, chini yake tulimzika mdogo wako, yule aliyezaliwa hana pumzi. Yalikuwa wapi hasa?"

Sikujua. Mashimo na matuta yote yalifanana. Kwa kuogopa kilio chake, nikanyoosha kidole popote, nikasema, "Hapa."

Akapiga magoti. Mbegu zote alizipanda hapo, na mpaka anafariki alipapalilia mahali nilipomdanganya.