Niliposema Salum Kwao Unguja

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiifikiria uso unaniwaka. Nilikuwa kijana, nna kazi nzuri, nna Kiarabu safi, na roho imejaa wivu. Niliyemwonea wivu ni Salum, mtoto wa ami yangu. Mimi nililetwa hapa Maskati kutoka Unguja ningali mchanga. Yeye alikuja mtu mzima, na Kiarabu chake kilikuwa kinanuka karafuu.

Huku kwetu hatuna vyama vya siasa. Anayetaka kuingia Baraza la Shura, ndilo kama bunge letu, hutazamwa kwanza na watu wa kabila lake. Basi wazee walikusanyika kwenye sabla, ule ukumbi wetu wa wanaume, wamsikilize Salum. Alitaka kuwasemea jamaa zetu waliorudi kutoka Afrika bila ya lugha, wanaohangaika na karatasi za uraia kwa kushindwa kujieleza. Watu walimtazama kwa mapenzi. Ilinichoma. Kwa nini yeye, si mimi?

Mzee mmoja, ambaye ukoo wake haujapata kuhama Omani, akaniuliza, "Huyu hasa wa wapi?"

Nikajibu kwa sauti, wote wasikie: "Kwao Unguja."

Ningeweza kusema kwao ni hapa, babu yake na babu yangu ni mmoja. Nilijua neno lile litamkata. Mzee akanigeukia mimi: "Na wewe?" Jina la Salum likawekwa kando, na sisi tukabaki hatuna wa kutusemea.

Nyumbani nikamkuta mama, ambaye Kiarabu chake kiliishia kwenye salamu, naye anangojea karatasi hizo hizo. Habari zilishamfika.

"Umemfukuza Salum? Haya, nani atanisemea mie?"

"Ntakusemea mimi, mama."

"Miaka yote hii ulikuwa wapi?"

Asubuhi yake Salum akaja na gari yake, akampeleka mama ofisi ya uraia. Nilisimama mlangoni nawatazama, na wallahi nikamwonea wivu hata kwa hilo.

Mwanangu, wivu utakujia, sikudanganyi. Mimi na uzee huu bado unanijia. Mwonee wivu ndugu yako kwa cheo, kwa gari, kwa kupendwa na watu. Lakini akisimama kuwasemea watu wenu, usiseme si wa hapa. Ukimtoa yeye umejitoa na wewe, na mama yako umemtoa. Mungu akujaalie ndugu wanaokushinda, na akupe mkono wa kuwapigia kura.