Upasuaji Usioacha Kovu

Katunge alikuwa fundi wa nguo pale Emali. Kwa miaka tisa cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya duka la vitambaa la Rahmo, mama wa Kisomali aliyehamia hapo kutoka Garissa. Mteja akinunua kitambaa ndani, anatoka nacho nje na Katunge anampima papo hapo. Kutoka kiti chake hadi kaunta ya Rahmo ni hatua nne tu, lakini mazungumzo yao yalikuwa ya mita, uzi na vifungo. Rahmo alimwita Mama Kitheka, yeye akamwita Mama Ikran, na jioni kila mmoja akashika njia yake.

Njia ya Katunge iliishia kwenye chumba kimoja cha kupanga nyuma ya stesheni ya reli. Mumewe alifariki wakati bado wanaishi Ikutha. Mtoto wao wa pekee, Kitheka, alikuwa mlinzi huko Doha, na boma la Ikutha lilibaki na kufuli. Jumapili Katunge alienda kanisani, akaimba na kikundi cha akina mama, kisha akarudi kupika chakula cha mtu mmoja, ambacho kila mara kilibaki.

Maumivu yalianza Agosti, ubavuni upande wa kushoto. Alidhani ni mgongo wa cherehani, akanunua dawa ya kuchua. Hakuwa mtu wa kunywa maji akiwa kazini, kwa sababu choo cha soko kiko mbali na mteja hangoji. Januari, msimu wa sare za shule, maumivu yalimshika akiwa katikati ya sketi. Alishuka kwenye kiti polepole, akakaa sakafuni, akatapika kando ya kikapu cha vipande. Rahmo alitoka dukani, akamfunika mabega kwa leso yake mwenyewe, akaita mtu wa pikipiki ampeleke zahanati.

Picha zilionyesha jiwe la milimita kumi na moja. Lilikuwa limekwama kwenye mrija unaoteremsha mkojo kutoka figo hadi kwenye kibofu. Alitumwa hospitali moja ya Nairobi, na huko daktari, mwanamume mpole mwenye sauti ya chini, akamchorea kwenye karatasi.

"Hatutakukata popote, Mama," alisema. "Tunapitisha kamera nyembamba pale mkojo unapopitia, tunafika kwa jiwe, tunalivunja na leza mpaka liwe vumbi. Kesho yake unaenda nyumbani."

"Hakuna nyuzi?"

"Hakuna hata plasta."

Katunge alifurahi kusikia hivyo. Alimpigia Kitheka, akamweleza kama alivyoelezwa.

"Kwa hivyo hawakati, Mwaitu?" aliuliza, akimwita mama kwa Kikamba kama kawaida yake.

"Hawakati."

"Basi si kitu kubwa. Nilikuwa nimeanza kuogopa." Nyuma yake mtu alimwita, akaaga.

Jumapili alimwambia Wayua, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kanisani. Mwaka uliopita, Wayua ndiye aliyewaongoza kwenda kumtazama mama aliyepasuliwa tumbo. Walienda kumi na wanne, na unga, na sukari, na kuku wawili, na Katunge alikuwa mmoja wao.

"Wanakupasua wapi?" Wayua aliuliza.

"Hawapasui. Wanapitia chini."

"Ah. Basi ni kama kung'oa jino. Tutakuweka kwa maombi."

Hakuna ubaya aliokusudia, na Katunge aliliona hilo. Alisema asante.

Kwenye fomu ya hospitali palikuwa na nafasi ya mtu atakayemsindikiza. Aliandika namba ya Doha. Muuguzi akamrudishia karatasi akisema wanahitaji mtu anayeweza kufika. Katunge alikaa na kalamu muda mrefu, mwishowe akaandika Nduku, jina la dada yake aliyekufa wakiwa wasichana, na chini yake akaandika namba yake mwenyewe ya pili.

Siku ya upasuaji, Februari, alienda peke yake. Hawakumlaza usingizi. Walimchoma sindano ya ganzi mgongoni, miguu ikawa mizito, halafu ikawa kama si yake. Karibu na kichwa chake palikuwa na skrini, na daktari akamuuliza kama angependa kuangalia.

Aliangalia. Aliona njia ya rangi ya waridi, nyororo, yenye unyevu, ikifunguka mbele ya kamera. Ilimchukua muda kuelewa kwamba anajiangalia ndani. Kisha jiwe likatokea. Alikuwa akilifikiria jeusi, kumbe lilikuwa la hudhurungi, lenye vijimiiba, limekaa pale kama mwenye nyumba. Uzi mwembamba ukalisogelea, taa ndogo ya kijani ikatua juu yake, pakasikika mlio mdogo, tk, tk, tk, na jiwe likaanza kumomonyoka. Vumbi lilipeperuka ndani ya maji mpaka skrini ikawa nyeupe. Likatulia, jiwe likaonekana limepungua, mlio ukaanza tena. Yote hayo, na yeye hahisi chochote. Machozi yalimtoka. Muuguzi alimuuliza kama ana maumivu, akasema hapana. Kama angeweza kueleza, angesema tu kwamba alitamani awepo mtu wa kumwambia, tazama.

Wodini vitanda vingine vilizungukwa na watu na vyombo vya chakula. Muuguzi wa zamu alikuja na ile fomu mkononi.

"Mama, tumejaribu kumpigia dada yako. Simu inalia hapa kwa mkoba wako."

Katunge alitazama blanketi. "Hayupo," alisema. "Alifariki kitambo."

Muuguzi hakumkemea. Alichukua kalamu, akakata lile jina kwa mstari mmoja ulionyooka, akamletea chai. Kesho yake mchana walimruhusu.

Ndani walikuwa wamemwachia kijirija laini cha plastiki, stenti, ili njia isizibe. Angerudi kutolewa baada ya wiki mbili. Stenti ile ilimsumbua kuliko alivyotarajia. Kila akienda haja ndogo ubavu ulivuta, na mkojo ulitoka na damu. Alikaa chumbani siku nne akisikiliza hatua za watu nje ya mlango. Kitheka alituma ujumbe, "Pole Mwaitu, pona haraka." Wayua alipiga simu mara moja. Hakuna aliyebisha hodi.

Siku ya tano alirudi kazini. Alikanyaga cherehani kidogo, akaacha, akakanyaga tena. Rahmo alimtazama kutoka kaunta, mwishowe akaja na kiti cha plastiki na kuketi kando yake.

"Bado inauma?"

"Inauma."

"Walikata wapi?"

"Hakuna pa kuonyesha, Mama Ikran. Ndiyo shida yake."

Rahmo alisogeza kiti karibu. "Sasa walifanya nini? Niambie."

Katunge akamwambia. Alianza kwa maneno machache, kisha yakaja mengi: njia ya waridi, jiwe lenye vijimiiba, taa ya kijani, vumbi lililojaa skrini. Mteja alisimama mlangoni akitaka kitambaa cha pazia, Rahmo akamwambia kwa mkono asubiri.

"Uliona na macho yako?"

"Na macho yangu."

"Wallahi, mimi ningeyafunga," Rahmo alisema. Baadaye akauliza, "Na ulienda na nani?"

"Peke yangu."

Rahmo aliinuka kwenye kiti. "Nimekaa hapa ndani miaka tisa," alisema, "na hukuniambia."

Katunge alirudisha mguu kwenye cherehani. Alidhani Rahmo ameudhika, na kweli alikuwa ameudhika. Lakini jioni, kabla ya kufunga duka, Rahmo alimwekea mezani chupa kubwa ya maji na ufunguo wa choo cha nyuma ya duka.

Stenti ilitolewa kwa dakika chache. Rahmo alitaka kumsindikiza, lakini siku hiyo mzigo wake wa vitambaa uliingia kutoka Eastleigh, na Katunge akaenda na kurudi peke yake kama mara ya kwanza. Daktari alisema njia ni safi.

Mwisho wa Machi mvua ilinyesha. Katunge alienda Ikutha, akafungua kufuli, akafagia nyumba, akapanda ndengu nyuma ya boma. Majirani walimsalimia kwenye ua, wakauliza habari za mji, hakuna aliyejua kwamba alikuwa mgonjwa. Siku ya tatu, akifyeka vichaka pembeni mwa shamba, simu iliita.

"Unarudi lini?" Rahmo aliuliza. "Watu wanakuulizia."

"Alhamisi."

"Haya."

Hakuna aliyekata. Katunge alisikia redio ya dukani na lori likipunguza mwendo barabarani. Alisimama na simu sikioni mpaka salio la Rahmo likaisha.