Mikono Minne ya Pistoni

Mtaani walimwita Mama Kioo, na jina hilo alilitolea jasho. Kwa miaka kumi na minane alisugua vyuma vya injini katika chumba cha nyuma cha nyumba yao, mpaka ukaweza kujiona meno ndani yake. Mafundi wa gereji walimtania sana. Wakipokea kifaa kilichotoka kwake walikiinua usoni, wakajifanya wanachana nywele.

Kazi ile ilikuwa ya watu wawili. Mumewe, Mungu amrehemu, ndiye aliyepokea vyuma, akaviosha na kuvikagua. Kilichofaa alikipiga msasa mkali, kisha akakisukuma upande wa pili wa meza kwa mkewe. Mama Kioo aliendelea na misasa laini, mmoja baada ya mwingine, na mwisho kabisa gurudumu la kitambaa lililofungwa kwenye mota ya mashine kuukuu ya kufulia. Kibovu hakikufika kwake hata siku moja. Mumewe alikirudisha gereji mwenyewe, kimyakimya, maana hakuwa mtu wa maneno. Ukimuuliza jambo saa mbili asubuhi, jibu hulipati kabla ya mchana. Basi miaka yote hiyo mke alijua chuma kizuri kinafananaje, lakini kibovu hakuwahi kukishika.

Mume akaugua homa siku tisa, ya kumi akaenda zake kwa Mola.

Juu ya meza aliacha mikono minne ya pistoni, vile vyuma virefu vinavyoishika pistoni na kuisukuma juu na chini ndani ya injini. Ilikuwa ya lori la mdogo wake, ambaye kwa Mama Kioo ni shemeji. Lori lilikuwa limelala gereji juu ya magogo tangu msiba, na shemeji hakuthubutu kuuliza. Mjane ndiye aliyemwambia, "Shemeji, nitaimaliza mimi. Kaka yako hakupenda kazi ilale."

Alifunga mlango wa chumba, akasali, akavaa aproni ya marehemu iliyomfika kwenye vifundo vya miguu. Mikono mitatu ilikuwa mitupu. Wa nne ulikuwa na duara dogo la chaki nyeupe, karibu na shingo. Akalitazama duara lile kwa machozi. Alidhani mumewe amemwekea alama ya mahali pa kuanzia, kama mtu anayekunja ukurasa wa kitabu ili kesho aendelee. Akalifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Kisha akaanza papo hapo, akapasugua kuliko popote pengine, akifuata urefu wa chuma kama alivyofundishwa, kwa sababu mkwaruzo unaokata upana ndio mlango wa ufa. Siku ya tatu mikono yote minne iling'aa sawasawa, hata mwenyewe hakuweza tena kuitofautisha. Shemeji alipokuja kuichukua alisema, "Kaka angefurahi," na wote wawili wakaangalia pembeni.

Hayo yalikuwa Jumatatu. Alhamisi asubuhi akaja fundi mchongaji wa vyuma, rafiki wa marehemu, kurudisha kipimo alichoazima. Alikuwa mtu mnene mwenye kicheko kingi, lakini siku hiyo alikaa kwenye kibao cha rafiki yake akawa anakigeuzageuza kile kipimo mikononi. Macho yake yakatua kwenye chuma kimoja chakavu kilichochungulia kwenye gunia la marehemu chini ya dirisha, kimechorwa duara la chaki.

"Ona huyu bwana," akasema, akicheka huku anafuta macho. "Hata kufukuza chuma alikuwa hafukuzi kwa mdomo. Anachora duara tu. Ukiona duara la mzee, jua pale pana ufa, chuma hicho kimekwisha. Nilikuwa namwambia, wewe na mkeo mnaongea kwa chaki?"

Mama Kioo alikuwa anamimina chai. Akaendelea kumimina mpaka kikombe kikajaa, sahani ikajaa, chai ikaanza kutiririka juu ya meza.

"Shemeji! Unaungua!" fundi akapaza sauti.

"Duara," akasema. "Duara lina maana gani, umesema?"

"Ufa. Kwani hukujua?"

Alitafuta simu kwenye mfuko wa aproni, kumbe ilikuwa mkononi mwake. Akampigia shemeji. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Leo ni Alhamisi, na shemeji alisema Alhamisi anapakia saruji na kuvuka mlima. Mlima ule aliujua. Ni kona juu ya kona, upande mmoja jiwe, upande mwingine hakuna kitu. Mkono wa pistoni ukikatika, hutoboa ubavu wa injini, gari likanyamaza hapo hapo. Lori lenye mzigo likinyamaza kwenye mteremko, kilichobaki ni breki na rehema za Mungu. Mama mkwe wake alizika mtoto mmoja wiki tano zilizopita. Wa pili, huyu ndiye anayeendesha.

Alitoka na aproni yake na kandambili. Fundi mchongaji alimfuata hatua kumi, akaishiwa pumzi, akapaza sauti, "Tangulia! Nakuja!"

Gereji haikuwa mbali, dakika kumi na tano kwa mtu anayetembea. Alipita kwa muuza vocha, akapita ukuta wa shule, asione mtu wala kurudisha salamu. Midomo ilikuwa inasema, "Ee Mola, lisiwe limeondoka. Lisiwe limeondoka." Halafu moyo ukamuuliza: na kama limeondoka? Akakimbia. Mwanamke wa miaka arobaini na sita, mwenye machozi ya eda bado usoni, alikimbia barabarani kandambili moja mkononi, kwa kuwa ilikatika.

Kabla hajafika kwenye lango alisikia mngurumo. Lori lilikuwa limewashwa, saruji imefunikwa turubai, shemeji ameshapanda na anarekebisha kioo cha pembeni. Mzee Spana, fundi mkuu, alikuwa anafuta mikono kwa tambara huku akilisikiliza lile dude kama baba anayemsikiliza mwanawe akisoma.

"Aa, Mama Kioo!" akaita. "Umekuja kujitazama? Vioo vyako nimeshavifungia ndani, labda uchungulie kwenye bomba la moshi."

Vijana wakacheka. Yeye alikwenda moja kwa moja akasimama mbele ya lori, kiganja juu ya bampa.

"Shemeji, zima."

"Nini tena, shemeji? Nimechelewa."

"Zima gari, nakuomba kwa jina la Mungu."

Akazima. Kimya kilichofuata kilimtisha kuliko mngurumo, maana sasa ilibidi aseme, na wote walikuwa wanamtazama. Alijua atakachosema kitamaliza jina lake pale gereji. Akasema hata hivyo, kwa sauti ndogo, kwamba mkono mmoja ulikuwa na alama ya marehemu, kwamba alama ile ni ya ufa, kwamba yeye aliifuta na kusugua juu yake.

"Upi?" Mzee Spana akauliza.

"Sijui. Yote imefanana."

"Mama, hiyo injini nimeifunga kwa siku mbili. Siku mbili! Mikono yote niliishika mwenyewe, nikaitazama mmoja mmoja. Inang'aa, haina doa."

"Ndiyo maana hukuona, mzee."

Mzee Spana akatupa tambara begani. Akamgeukia dereva. "Lori lako. Sema."

Shemeji alikaa na mikono juu ya usukani. Alimtazama mke wa kaka yake, ile aproni, ule mguu mtupu uliojaa vumbi. Akachomoa ufunguo, akashuka. "Fungua," akasema.

Walifungua kuanzia chini, saruji ikiwa bado juu ya gari, huku Mzee Spana akilalamika toka boliti ya kwanza mpaka ya mwisho. Fundi mchongaji alifika akihema, akasaidia. Mama Kioo aliketi juu ya gurudumu la akiba. Hofu ilikuwa imegeuka rangi: sasa aliogopa ufa usiwepo, awe amewasumbua watu bure kama mwehu, papo hapo akatubu, akaomba usiwepo, kisha hakujua tena aombe nini.

Mikono minne ikalazwa kwenye beseni la mafuta ya taa kwa saa nzima. Ikatolewa, ikafutwa mpaka ikakauka, ikanyunyiziwa unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatokeza kwenye unga na kuulowesha. Wakasubiri. Wa kwanza, mweupe. Wa pili, mweupe. Wa tatu na wa nne, hivyo hivyo.

"Haya," Mzee Spana akasema, akinyoosha mgongo. "Tumeona."

"Subiri kidogo, mzee," Mama Kioo akasema.

"Nisubiri nini? Mpaka chuma kiote nywele?"

Hakumaliza kusema. Kwenye shingo ya mkono wa tatu palitokea mstari wa kijivu, mwembamba kama uzi wa buibui. Ukatambaa taratibu juu ya unga, ukapinda, ukaendelea, ukazunguka karibu nusu ya shingo ya chuma.

Hakuna aliyecheka. Mzee Spana alivua kofia yake, akaishika tu, kama mtu asiyejua ameivulia nini. Shemeji alisogea ukutani, akampigia simu mama yake. "Mama, leo sisafiri," akasema. "Hapana, mzima. Gari bado. Mzima, mama, nimesema mzima." Alirudia neno hilo mara nyingi mno.

Mama Kioo alitetemeka sasa, wakati hatari imekwisha pita. Fundi mchongaji alimfunika koti lake lenye harufu ya grisi.

Baada ya muda Mzee Spana alirudi kutoka stoo na mkono mwingine wa pistoni, mkuukuu, mweusi kwa masizi.

"Huu utafaa badala yake," akasema. "Ukishasuguliwa."

Mama Kioo akaficha mikono nyuma. "Nani ameukagua?"

"Bado."

"Na atakagua nani?"

"Wewe. Hapa hapa, mimi nimesimama. Nitakuonyesha mara moja, mara ya pili utanionyesha wewe."

"Naogopa, mzee."

"Mimi pia," akasema Mzee Spana. "Tangu dakika ile."

Akamnyooshea. Mama Kioo alisema bismillahi kimoyomoyo, akaupokea kwa viganja vyote viwili kama mtu aliyepewa kitoto cha mwenzake, akauinamisha kwenye mwanga wa mlango na kuanza kuutazama.