Mngurumo wa Kompyuta ya Chumbani

Kuna watu hawajui kutulia. Ukimpa kiti anaanza kukikagua miguu, ukimpa chai anainywa amesimama, ukimwambia apumzike anakuuliza apumzike ili iweje. Mkuu alikuwa wa namna hiyo, na tangu kiwanda cha rangi kifungwe, ndiyo kabisa. Alikuwa mkuu wa ghala pale, ndiko jina lilikotoka, na kazi ilipoondoka jina likagoma kuondoka nayo. Enzi zake hakuna ndoo iliyotoka ghalani bila jicho lake kuipitia. Na ole wake kijana aliyebandua nailoni kwenye mzigo mpya kabla haujamfikia mwenyewe. Huyo alikiona cha mtema kuni.

Ugonjwa huo wa nailoni aliuhamishia mpaka nyumbani. Rimoti ya televisheni ilikuwa bado ndani ya nailoni yake, mlango wa friji hivyohivyo, na makochi ya sebuleni yalilia kwaru kwaru kila mgeni alipojisogeza. Mkewe alisema weee, mwisho akanyoosha mikono.

Sasa ghala hakuna, vijana wa kuwafokea hakuna, na watoto wakishaenda shule nyumba nzima inabaki ya Mkuu kuzunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Atakaza bawaba ambayo wala haikulegea. Atahamisha meza, ataitazama, atairudisha. Atatoka kwenda dukani, atafika njiani, atarudi kuangalia kama amefunga mlango. Majirani wakimuuliza habari za kazi, jibu lake lilikuwa lilelile: "Nimejipa likizo kidogo, navuta pumzi." Pumzi gani, jamani! Mtu yule hakupumzika hata usingizini. Muulize mkewe, maana mateke alikuwa akiyapokea yeye.

Aliyekuwa anailisha nyumba sasa ni huyo mkewe. Alifanya kazi ya kupokea simu za wateja wa kampuni moja ya kusafirisha vifurushi, na kazi yenyewe aliifanyia chumbani, kwenye kipembe kati ya kabati na dirisha, hedifoni kichwani, kompyuta mbele yake. Kazi ya kutukanwa kwa zamu. Huyu kifurushi chake hakijafika, yule kimefika kimepondeka, wa tatu hajui hata alitumiwa nini ila anataka alipwe. Mama alikuwa na moyo wa kuwavumilia wote. Kitu kimoja tu kilichomshinda: kelele za hiyo kompyuta. Feni yake ya ndani ilikuwa imechoka, ikipata joto kidogo inanguruma nyumba nzima. Mteja mmoja alimuuliza, "Dada, unanijibu ukiwa mashineni unasaga?"

Na sasa niseme siri ya Mkuu, maana bila hiyo hutamwelewa. Mngurumo ule uliowakera watu wote yeye aliupenda. Kila mkewe alipoanza kazi na mashine kuanza kunguruma, Mkuu aliingia chumba cha watoto, akafunga mlango, akatoa simu, akaanza kuomba kazi. Aliwapigia watu aliowahi kuwafokea. Alimpigia dereva ambaye yeye Mkuu aliwahi kumsimamisha kazi. Alimpigia kijana aliyekuwa akimfagilia ghala, ambaye sasa ana ghala lake, akamwita "bosi". "Kazi yoyote, mdogo wangu. Hata ya kupakia. Mgongo bado ninao." Mngurumo ukikatika, naye anakata simu, anatoka akipiga mluzi. Mbele ya mkewe alikuwa mtu aliye likizo. Afadhali afe kuliko mama yule aisikie sauti ile ya kujikunyata.

Basi kampuni ikachoka na malalamiko. Msimamizi akamwambia Mama kwamba siku fulani, saa nane mchana, angempigia yeye mwenyewe kuikagua laini. Ikiwa bado kuna kelele, mkataba utaishia hapo. Mama hakulia wala nini. Akaenda akanunua feni mpya ya kupoza prosesa, ule ubongo wa kompyuta, feni kubwa yenye mabomba ya shaba na mapezi ya bati, inayosifiwa kwa ukimya. Fundi wa kompyuta akataka aachiwe mashine mpaka kesho kutwa. Kesho kutwa ya fundi nani asiyeijua? Mkuu, kwa ule mdomo wake unaomtangulia, akasema, "Lete hapa. Nitaifunga mwenyewe."

Alipokwisha kusema ndipo akili ikamrudia. Feni ile ikifungwa, nyumba inanyamaza. Nyumba ikinyamaza, yeye ataombea wapi kazi? Nje majirani, sebuleni mlango hauna hata komeo. Boksi la feni likapanda juu ya kabati likakaa. Leo mkono unauma, kesho bisibisi haionekani, kesho yake umeme hauaminiki. Mama akirudi chumbani anamkuta amesimama chini ya kabati analitazama boksi, akigeuka anajifanya anatafuta soksi. Usiku anajigeuza, asubuhi macho mekundu. Aliogopa, basi. Tusimpambe. Aliogopa ukimya kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote ghalani.

Siku ikafika. Mama alilishusha boksi mwenyewe, akalikita kitandani.

"Baba watoto, leo ndiyo leo. Ukishindwa niambie sasa hivi nijue moja."

"Nani kashindwa? Niwekee mwanga."

Akaiacha kwanza mashine ingurume kidogo ipate moto, maana kwenye karatasi ya maelekezo walichora hivyo: ile dawa ya zamani inayoshikisha feni na prosesa ikiwa baridi inang'ang'ania, ikipata joto inalegea. Kisha akazima, akachomoa waya zote, akalilaza kasha ubavu juu ya kitanda walichokitandika shuka kuukuu. Akafungua kifuniko. Lo, vumbi! Mapezi ya feni ya zamani yalikuwa yameziba kabisa, mtu angeweza kupanda mbegu.

"Ndiyo maana ilikuwa inalia, masikini," Mama akasema, akimulika kwa simu.

"Usipumulie, litakuingia."

Mkuu alichomoa kijiwaya cha feni, akalegeza skrubu, akaizungusha feni kidogo kulia, kidogo kushoto, taratibu, mpaka ikaachia. Chini yake kikaonekana kibati cha prosesa, kidogo, hata biskuti inakishinda. Mkuu akakishangaa. Mngurumo wote ule, na maisha yake yote ya miezi hii, yalikuwa yamejificha nyuma ya kidude hicho! Akakifuta kwa kitambaa chenye spiriti mpaka kikang'aa, akageuza kasha upande wa pili kufunga kile kibati cha nyuma kinachoshikilia feni kubwa, Mama akakizuia kwa kiganja kisidondoke. Akaminya dawa mpya ya kijivu katikati ya prosesa, kiasi cha punje ya dengu. Akaiweka feni mpya juu, akakaza skrubu kwa kona, kidogo hapa, kidogo kule ng'ambo, ili isielemee upande mmoja. Jasho lilimtoka. Mara tatu alitoka kwenda kunywa maji ambayo hakuyanywa.

"Mume wangu, una nini leo?"

"Joto."

"Joto! Dirisha liko wazi."

Akachomeka kijiwaya, akarudisha umeme, akabonyeza. Mashine ikawaka, na wala hukusikia kitu. Kimya. Mama akaziba mdomo kwa furaha. Mkuu akageuza shingo kuelekea mlangoni, maana saa ya ukutani, ambayo hakuwahi kujua kuwa ina sauti, ilisikika tik tik kutoka sebuleni. Hata bomba la jirani lilisikika likidondosha maji.

Furaha ile haikumaliza dakika nyingi. Skrini ikatoa onyo la joto, kisha puu, ikazimika. Wakawasha. Ikazimika tena.

"Umefanya nini?" Mama akauliza. Sauti ilimtoka nyembamba. Saa nane ilikuwa mlangoni.

Na hapo, nakwambia ukweli, shetani alimpitia Mkuu. Njia ilikuwa nyeupe kabisa. Angesema tu kwamba feni ni mbovu, wamekuuzia feki, tuirudishe ile ya zamani. Mngurumo ungerudi. Siri yake ingepona. Nani angemlaumu? Akafungua mdomo. Akamwona mkewe amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono katikati ya magoti, anaitazama hedifoni kama mtu aliyekwisha kuaga kazi. Akanyoosha mkono.

"Nipe bisibisi," akasema.

Akafungua skrubu zote upya, akaing'oa feni, akaigeuza. Na pale, kwenye kitako chake cha shaba, ikang'aa nailoni. Nyembamba, safi, haina hata mkunjo, na maandishi mekundu juu yake: bandua kabla ya kufunga. Aliyaona tangu mwanzo, huyo bwana! Aliyaona akayapita, kwa sababu nailoni ya mzigo mpya, kwake yeye, haikuwa kitu cha kubanduliwa na mfungaji.

Mama aliitazama nailoni, akamtazama mumewe.

"Hata huku?"

"Hata huku," Mkuu akajibu, na aibu ikamshika mpaka masikioni.

Mama akaangua kicheko, kile cha mtu aliye karibu kulia, akaibandua yeye mwenyewe kwa kucha, chwaaa, akaitupa kitandani. Wakafuta, wakaminya dawa nyingine, wakakaza tena, safari hii Mama akishika taa kwa mkono mmoja na bega la mumewe kwa mwingine. Mashine ikawaka. Wakasubiri. Wakaongeza kusubiri. Joto likapanda kidogo, likakaa hapohapo. Feni ilizunguka ukaiona kwa macho, kwa sikio husikii kitu.

Simu ya msimamizi ikaingia. Mama akavaa hedifoni, akajiweka sawa. Mkuu akabaki kasimama mlangoni na bisibisi mkononi, akibadilisha mguu, huu chini, huu juu. Alisikia upande mmoja tu wa mazungumzo, lakini huo aliusikia wote, kila pumzi.

"Ndiyo, bosi. Nakupata vizuri... Kweli? Hakuna kelele kabisa? Nashukuru, nashukuru sana... Tumebadilisha feni ya ndani... Hapana, si fundi. Ni mume wangu."

Mkuu akavimba kifua. Alistahili, tusimnyime.

"Nani?" Mama akasema, kisha sauti ikashuka. "Aa, yule. Ndiye huyohuyo... Hapana, bado hajapata. Anapiga kila siku... Eh, hata wateja huniuliza. Kuna bibi mmoja akipiga, kabla ya kifurushi chake anauliza kwanza, yule baba wa hapo nyuma kapata kazi? Namwambia bado, mama, tuombee."

Bisibisi ilimponyoka Mkuu, ikadondoka sakafuni. Damu yote ilimpanda usoni. Alitamani kukimbia, atoke hadi barabarani, apitilize, asirudi mpaka giza limfiche. Wateja! Msimamizi! Bibi asiyemjua sura! Nusu ya dunia ilikuwa imemsikia akimwita "bosi" kijana wake wa kufagia.

Mama akaaga, akavua hedifoni, akageuka. Akamkuta bado pale.

"Kumbe ulikuwa unanisikia," Mkuu akasema.

"Sasa nisisikie vipi? Mashine ikinguruma na wewe unapaza sauti wakusikie huko. Ulikuwa unaomba kazi kama unanadi mitumba."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Mkuu akainama akaiokota bisibisi. Hasira ilimjia, ikachanganyika na aibu, na chini yao kitu kingine alichokuwa hajakijua jina.

"Siku zote hizo unaniangalia natoka mule nikipiga mluzi. Na hukuniambia?"

Simu nyingine ilikuwa tayari inaita kwenye skrini. Mama akairudisha hedifoni kichwani, akaacha sikio moja wazi.

"Ningekwambia," akasema, "ungeacha kupiga."