Niliweka dole gumba langu badala ya la babu

Admin, ficha jina langu, ingawa watu wa Mbulu watanijua tu. Huku mwanaume mwenye nywele hadi mabegani ni mmoja.

Nina miaka 36, nimeoa, natengeneza simu Dongobesh. Shule niliishia kidato cha pili, ila Nairobi nimefika mara mbili, Kampala mara moja, tena jukwaani! Tulikuwa vijana wanne tunapiga roki, magitaa ya kukwaruza mpaka ng'ombe wanakimbia malisho. Watu wa mji wa Katesh walituita vichaa, na ukumbi ukajaa. Wenzangu sasa wako Arusha, na Ijumaa hii wanatoa albamu ya nyimbo zetu bora za miaka ile ya mwanzo.

Wimbo wa kwanza, unaopendwa kuliko zote, unaanza na sauti ya babu yangu wa kijijini Nambis. Anaomba baraka kwa Kiiraqw, watu wanamwitikia kila anapotua, halafu gitaa langu linaingia kwa kishindo. Nilimrekodi kwa simu kwenye sherehe ya ukoo bila kumwambia. Mwezi uliopita wenzangu walituma fomu ya ruhusa, babu aweke dole gumba. Nikaona uvivu kwenda Nambis na matope yale. Nikaweka la kwangu, nikawaambia, "Mzee kafurahi, anawasalimu."

Jumapili nikaenda kumwona na mke wangu. Yeye ni muuguzi, mtu wa Lindi, kaletwa huku na ajira, na jambo halikai kifuani mwake. Shikamoo haijapoa akasema, "Babu, umekuwa staa!" Akamwekea wimbo.

Babu akasikiliza, akatabasamu. Gitaa lilipoingia akainua mkono.

"Zima. Mbona umenikata?"

"Babu, hapo ndipo utamu unapoanza."

"Utamu gani wewe? Nimeomba mvua, nimeomba ng'ombe. Kwenye watoto sijafika. Unakata baraka katikati kama muwa?"

Nikacheka. Mke wangu hakucheka. Tuna miaka saba ya ndoa, tumepima kila mahali, tunaambiwa wote wazima.

Babu akasema, "Mje wote wanne hapa uani. Nitasema mpaka mwisho, mtaitikia wenyewe, ndipo muiweke nzima. Hamtaki, nitoeni humo."

Nikampigia kiongozi wa bendi, nikazungukazunguka, nikamuuliza kama wimbo unaweza kubadilishwa.

"Kaka, si mzee alisharuhusu?" akasema. "Fomu imepokelewa na wasambazaji, tukiigusa albamu sasa wanaifuta. Halafu mimi nimeokoka, siwezi kuja kuitikia mambo ya mila."

Tangu hapo situlii. Jana nimefunga simu ya mwalimu mmoja, spika nimeiacha mezani. Mambo ya baraka siamini. Au naamini kidogo, sijui. Ninachojua ni kwamba mke wangu sasa anausikiliza ule wimbo peke yake jikoni, na gitaa langu likikaribia anauzima.

Nikisema ukweli, wenzangu wanapoteza albamu waliyoisubiri miaka kumi, na mimi naitwa mwizi wa dole. Nikinyamaza, babu atasikika nchi nzima akiwa hajamaliza kuomba, na yeye bado yu hai, anangoja wageni uani kwake.

Leo Jumatano. Nichekeni kwanza, ruksa, halafu mniambie: simu hii nimpigie nani, na nianze na neno gani?